Mwamko wa Kompyuta ya Kwembele

Jamhuri Tukufu ya Kwembele haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Wachora ramani waliofika huko waliambiwa wasubiri kibali cha kuchora, nao wanasubiri hadi leo, wengine wameshapata wajukuu hapohapo kwenye benchi. Ninayosimulia hapa hayaihusu nchi yako hata kidogo. Ukiona kama yanaihusu, futa miwani usome tena.

Kwembele ni nchi ya vibali. Mtu akitaka kuchimba kisima, kibali. Akitaka kufuga mbuzi wa tatu, kibali. Akitaka kuoa, kibali cha kurasa sita, na ukurasa wa tano huuliza maoni ya bwana harusi kuhusu barabara. Vibali vyote hutoka Idara Kuu ya Vibali, na Idara nzima ina kompyuta moja. Ilizinduliwa na Mtukufu Rais mwenyewe, Baba Mlezi wa Taifa, aliyekata utepe, akaigusa kwa kidole kimoja, akatamka: "Hapa ilipo, ikae." Kwa kuwa kauli ya Mtukufu ni sheria, kila kilichokuwa karibu naye siku ile kikawa kimetungiwa sheria: kompyuta, meza, printa, soketi ya ukutani, na kiti cha Mkurugenzi Mkuu, ambacho kilikuwa kimesogezwa pale kwa ajili ya picha tu. Hakuna kinachoguswa mpaka leo bila kibali.

Kabla ya kuondoka, Mtukufu aliuliza swali moja. "Hiki kitu kikitoa karatasi ya serikali, kinaitoa kimyakimya hivihivi, kama mwizi?"

Wataalamu waliinamisha vichwa kwa aibu. Wiki iliyofuata kompyuta ilikuwa imefundishwa kupiga wimbo wa taifa kila inapowashwa na kila kinapobonyezwa kitufe cha kuchapa. Wimbo wa taifa wa Kwembele una beti kumi na moja na huchukua dakika tisa na nusu. Ubeti wa sita wote unahusu masharubu. Ukipigwa, raia husimama wima, mikono ubavuni, midomo ikiimba na macho yakiitazama picha ya Mtukufu, na asitikisike hata nzi akimtua puani. Anayekaa, miezi sita jela. Anayetikisika, mitatu. Anayepiga chafya huulizwa alikuwa na nia gani.

Kwa miezi michache mambo yalikwenda vizuri. Kisha Idara ikamletea Mkurugenzi kiti kipya cha magurudumu, kikawekwa palepale pa kile cha zamani na kurithi sheria yake, na haikupita wiki kompyuta ikaanza kuugua. Lakini mambo hayo mawili hakuna aliyeyaunganisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kibali cha kuunganisha mambo.

*

Fundi Zefania aliitwa siku ya Alhamisi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, mtaalamu wa kompyuta, redio na pasi za umeme, mpole mno, ambaye hajawahi kuruka foleni tangu azaliwe. Ukimwambia "subiri hapa," ukamsahau, ukirudi kesho utamkuta. Alipopokea barua ya wito alifurahi kupita kiasi, maana jambo hili lilimgusa yeye mwenyewe. Katika rundo la maombi juu ya meza ya mpiga chapa, la tatu kutoka juu lilikuwa lake: Zefania kumuoa Eufrasia.

Eufrasia alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilitazamana na Idara, ng'ambo ya barabara. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa kukosa kibali. Mara ya pili Eufrasia hakulia wala hakununa. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, jambo lililomtisha Zefania kuliko kilio.

"Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho," alisema. "Gauni nimelibana mara moja, nimeliachia mara moja. Kitambaa kimechoka, na mimi nimechoka. Ikipita hiyo Jumamosi bila ndoa, naenda kwa dada yangu ng'ambo ya mpaka. Kibali cha kutoka ninacho, nilikichukua kabla hiyo kompyuta yenu haijaumwa."

"Si yangu, Eufrasia."

"Basi itengeneze kana kwamba ni yako."

Zefania aliingia Idarani na mkoba wake wa bisibisi akiwa na siku tisa za kuokoa ndoa.

Ndani aliwakuta watu watatu. Bi Anzeni, mpiga chapa, alikuwa mbele ya kompyuta akitazama kioo cheusi kwa uchovu wa mtu aliyefiwa na mgonjwa yuleyule mara nyingi. Kapteni mstaafu Mbelwa, Afisa wa Itifaki, alikuwa mlangoni na daftari lake la makosa. Na katikati, mgongo ukielekea ukuta wenye soketi, alikuwa Mkurugenzi Mkuu, Bwana Mnyawami, mwenye kilo mia moja na thelathini kabla ya chai.

Bwana Mnyawami alikuwa maarufu nchi nzima kwa jambo moja: kuinuka. Wimbo ukigusa noti ya kwanza tu, tayari yuko wima. Watu wembamba, vijana, wanariadha wote walishindana naye wakashindwa. Kifuani alivaa Nishani ya Kuinuka, Daraja la Pili. La kwanza analo Mtukufu, ambaye hajawahi kuonekana akiinuka, lakini inaaminika.

"Inaumwaje?" aliuliza Zefania.

"Naandika kibali," alisema Bi Anzeni, "naandika mpaka mwisho. Nabonyeza chapa. Wimbo unaanza, tunasimama, hata mstari wa kwanza haujaisha, pu! Giza. Halafu inajiwasha yenyewe, inapiga wimbo upya toka mwanzo, tunasimama beti zote kumi na moja, tunakaa, naanza kuandika tena. Kaka yangu, miguu hii unayoiona si yangu tena."

Ili kumwonyesha, akabonyeza. Wimbo ukaanza. Wote wakasimama, Zefania naye, macho kwenye picha ya Mtukufu iliyoning'inia ukuta wa mbele. Pu! Giza. Kompyuta ikajiwasha, nao wakaimba dakika tisa na nusu.

*

Zefania alianza kazi kama fundi yeyote mwenye akili. Alifungua boksi akapuliza vumbi. Ndani alikuta mende. Kapteni Mbelwa alimchukua yule mende kwa kibano, akamtia kwenye bahasha na kuandika juu yake: "Mshukiwa wa kwanza. Hakutoa ushirikiano."

Fundi akapima joto; lilikuwa la kawaida. Akasafisha feni, akatoa vijiti vya kumbukumbu, akavifuta kwa kitambaa na kuvirudisha. Akabadili kifaa cha kugawa umeme ndani ya boksi. Akatafuta virusi, na Kapteni aliposikia neno hilo akaagiza Bi Anzeni achanjwe. Kila baada ya hatua walibonyeza chapa, wakasimama, kompyuta ikafa, ikafufuka, wakaimba. Jioni ya Ijumaa Zefania aliyajua masharubu ya Mtukufu kuliko alivyoyajua yake.

Jumapili aliomba aachwe peke yake ofisini afanye majaribio. Ofisi ilikuwa tupu, kiti cha Mkurugenzi kimetulia mahali pake kama mfalme aliyesinzia. Zefania aliandika "jaribio, jaribio, jaribio" akabonyeza chapa. Wimbo ukaanza. Akasimama wima, peke yake, akaimba beti zote kumi na moja mbele ya picha, kwa sababu sheria ni sheria hata kama huna shahidi. Kompyuta haikuzima. Karatasi ikatoka safi. Akarudia mpaka zikatimia karatasi kumi na nne, akasimama mara kumi na nne, na mashine haikukohoa.

Alivuka barabara mbio kumweleza Eufrasia. "Imepona! Siku nzima haijazima hata mara moja. Nimechapa karatasi kumi na nne!"

Eufrasia akaacha kukanyaga cherehani. "Kibali chetu kiko wapi?"

"Kibali gani?"

"Zefania. Ulikuwa peke yako na kompyuta nzima, siku nzima, karatasi zipo, wino upo. Sahihi na muhuri wa Mkurugenzi si vimo humohumo ndani ya mashine, vinatoka vyenyewe? Hukuchapa kibali chetu?"

"Sikuwa na kibali cha kuchapa kibali."

Eufrasia akarudi kwenye cherehani. Zefania aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu, kwa sababu alimpenda mwanamke huyu na alijua kabisa kwamba mtu wa kumpoteza kizembe namna hiyo ni yeye.

Jumatatu ofisi ilifunguliwa, Mkurugenzi akaketi, Bi Anzeni akabonyeza. Pu!

Hapo ndipo Zefania alipochukua daftari na kuanza kuandika kila mara mashine inapozima. Saa tatu na dakika kumi, ilizima, walikuwa wanachapa. Saa nne na dakika mbili, ilizima, na hakuna aliyekuwa anachapa. Waziri alikuwa amepiga simu na Mkurugenzi anazungumza naye, kwa heshima, akiwa amesimama. Saa tano, kuchapa. Saa sita kasoro, Waziri tena. Zefania akaihukumu simu. Akaichomoa. Saa saba wakabonyeza chapa, kompyuta ikazima bila simu wala nini, na Mkurugenzi akapewa onyo kwa kutopokea simu ya Waziri.

*

Taifa halikukaa kimya. Jumanne iliundwa Tume Huru ya Uchunguzi yenye wajumbe saba, akiwemo daktari wa mifugo, maana nafasi moja ilitengwa kwa ajili ya daktari na yeye ndiye aliyekuwa huru. Tume ilikutana siku moja, ikanywa chai mara nne, na Jumatano asubuhi ikaja ofisini kusoma matokeo. Kwa ajili ya ugeni huo, picha ya Mtukufu ilifutwa vumbi kwa mara ya kwanza tangu itundikwe, na kioo chake kikasuguliwa mpaka kikang'aa.

Mwenyekiti wa Tume alikohoa kwa kimo cha cheo chake.

"Tume imebaini," alisoma, "kwamba kompyuta haina tatizo lolote. Nchi jirani, ambayo sitaitaja kwa sababu tunaidharau, inayo kompyuta iliyowashwa mara moja tu tangu inunuliwe, tena miaka minne iliyopita! Yetu imeshawashwa mara elfu moja mia tisa na sitini. Ndugu wananchi, nani yuko mbele?"

Makofi.

"Kuanzia leo, neno 'kuzima' ni uchochezi. Kila tukio litaitwa Mwamko. Imebaki Miamko arobaini kufikia elfu mbili, na hesabu inaonyesha tutafika Ijumaa. Sherehe itafanyika hapahapa, na Mkurugenzi atashonewa koti jipya."

Makofi zaidi. Bi Anzeni akaombwa abonyeze ili Tume ishuhudie Mwamko mmoja kwa macho yake. Wimbo ukaanza. Watu kumi na mmoja wakasimama wima wakiitazama picha.

Zefania naye aliitazama. Na kwa kuwa kioo kilikuwa kimesuguliwa, hakumwona Mtukufu peke yake. Aliona ofisi yote nyuma yake ikielea juu ya kifua cha Rais. Alimwona Bwana Mnyawami akichomoka kama kizibo. Aliona kiti cha magurudumu, kikisukumwa na mapaja yale mazito, kikikimbia kinyumenyume, kikigonga ukuta, pwaa, pale penye soketi. Plagi ikacheza. Pu!

Dakika tisa na nusu zilizofuata Zefania hakuimba chochote. Alichezesha midomo tu huku akiunganisha mambo. Ndiyo maana Jumapili haikuzima: kiti kilikuwa kitupu. Ndiyo maana ilizima kwa simu ya Waziri. Na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona, kwa sababu kila kiti kilipokimbia, nchi nzima ilikuwa imegeukia upande mwingine kwa mujibu wa sheria.

Wimbo ulipoisha akaeleza, kwa unyenyekevu wote alionao, na anao mwingi.

Ofisi iliingia ubaridi. Bwana Mnyawami alishika nishani yake. "Unasema," aliuliza taratibu, "kwamba uzalendo wangu unaharibu mali ya serikali?"

"Hapana, mheshimiwa. Kiti tu. Labda mheshimiwa akiinuka polepole kidogo..."

Mjumbe mmoja wa Tume aliangusha kikombe. Daktari wa mifugo alitoka nje kupunga hewa.

"Basi tusogeze kiti," alisema Zefania haraka.

"'Hapa ilipo, ikae,'" alisema Kapteni Mbelwa. "Unahitaji kibali cha kuhamisha samani iliyozinduliwa."

"Basi nibadili soketi."

"Kibali cha kubadili soketi." Kapteni alipekua rundo. "Kiliombwa tayari mwaka juzi. Ni cha mia tatu na kumi na mbili. Kinasubiri kuchapwa."

"Kuchapwa wapi?"

Kapteni alinyoosha kidole kwenye kompyuta.

Zefania hakukata tamaa. Alitoka nje, akaokota tofali, akaliweka nyuma ya magurudumu. Kapteni aliliinamia. "Tofali hili linamzuia nani asiinuke?" aliuliza. Likaondolewa, likafungwa kwenye gunia, likaandikwa: "Mshukiwa wa pili. Ana uzito wa kutiliwa shaka."

*

Alhamisi mchana Zefania aliketi dukani kwa Eufrasia, mkoba wa bisibisi magotini. Gauni la harusi lilining'inia ukutani. Chini yake palikuwa na begi la safari, limeshafungwa zipu.

"Nimeujua ugonjwa," alisema, "na dawa haipo. Mtu mmoja tu angekizuia kile kiti wimbo ukianza, kompyuta isingezima. Lakini mtu huyo itabidi akae, maana akisimama kitamsukuma."

"Akae tu?"

"Akae wakati wa wimbo, Eufrasia! Miezi sita."

Eufrasia aling'ata uzi. Juu ya meza yake kulikuwa na kitambaa cha bluu kilicholetwa na Idara: koti la Mkurugenzi. "Huo wimbo una beti ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kibali chetu kina kurasa sita. Ile printa inatoa ukurasa mmoja kwa muda gani?"

"Kama ubeti mmoja na kidogo."

"Na huyo Kapteni wenu. Wimbo ukipigwa, yeye anaruhusiwa kusogea?"

"Hasogei hata nzi akimtua puani."

"Haya," alisema Eufrasia, akachukua futi yake ya kupimia na kuikunja. "Mwambie Bi Anzeni kesho, kibali cha Mwamko wa elfu mbili aandike chetu."

*

Ijumaa saa nne asubuhi ofisi ilipambwa. Kitambaa kiliandikwa: MWAMKO 2,000 — TUNAWASHA, WENGINE WANATAZAMA. Tume ilikuwepo, Kapteni alikuwepo na daftari jipya. Mende na tofali waliletwa chini ya ulinzi waone maendeleo. Bi Anzeni, ambaye alikuwa na huruma na miguu inayouma, alikuwa ameandika kibali cha Zefania na Eufrasia mpaka nukta ya mwisho.

Eufrasia aliingia akiwa na koti mkononi na pini mdomoni. "Samahani waheshimiwa, mabega ya Mkurugenzi bado hayajakaa sawa. Nitarekebisha hapohapo, wala sitawasumbua." Akazunguka, akasimama nyuma ya kiti cha Bwana Mnyawami, kati ya kiti na ukuta, akaanza kuvuta kola. Hakuna aliyemtilia maanani. Fundi nguo kwenye sherehe hahesabiwi kuwa mtu.

Mwenyekiti wa Tume alihutubia nusu saa juu ya umeme. Kisha akainua mkono. "Bi Anzeni, tuamshe!"

Bi Anzeni akabonyeza. Wimbo ukaanza. Bwana Mnyawami akachomoka kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana hata kwake. Kiti kikaruka kinyumenyume.

Eufrasia akakikalia.

Alikita visigino sakafuni, na kiti kikasimama kiganja kimoja kutoka kwenye plagi. Wimbo ukaendelea. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili ukafuata. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, ukiacha ile Jumapili, printa ikalia krrr, krrr, karatasi ikaanza kutoka.

Macho yote yalikuwa kwenye picha, na kioo cha picha kilikuwa kisafi. Humo, katikati kabisa ya paji la uso la Mtukufu, wote walimwona mwanamke ameketi kwenye kiti cha Mkurugenzi Mkuu, amekunja nne, anajipepea kwa futi. Hakuna aliyeweza kugeuka. Hakuna aliyeweza kunyoosha hata kidole. Kapteni Mbelwa alikuwa mwekundu hadi kwenye masikio. Ubeti wa pili aliuimba kwa sauti ya kutisha, ubeti wa tatu aliuimba kama anayemtukana mtu, na kwenye ubeti wa masharubu machozi yakamtiririka, asiweze kuyafuta, maana kuyafuta ni miezi mitatu.

Kwenye ubeti wa nne Eufrasia alikizungusha kiti kidogo kuonja magurudumu. Kwenye wa saba alitoa pini mdomoni, akainuka taratibu bila kukisukuma, akamwekea Mkurugenzi pini kwenye kola, kwa sababu kazi ni kazi. Kwenye wa tisa alichukua kurasa sita zilizokamilika, sahihi ipo, muhuri upo, akasoma jina lake kwa makini, akazikunja na kuelekea mlangoni.

Pale akageuka. "Zefania, twende."

Zefania alikuwa wima mbele ya picha, mikono ubavuni. Ubeti wa kumi ulikuwa unaanza. Miaka arobaini na minne alikuwa amesimama kila alipoambiwa asimame. Alisimama mbele ya mageti, alisimama kwenye foleni ambazo hakujua mwisho wake, alisimama Jumapili ofisini bila shahidi. Aliona kwenye kioo mlango uko wazi, na mwanamke mlangoni, na nyuma yake barabara na jua. Alijua kwamba Eufrasia hatamwita mara ya pili, kwani hakuwahi kufanya hivyo kwa jambo lolote. Mguu mmoja ukasogea, na kusogea tu tayari kulikuwa kosa.

Akainama, akaokota mkoba wa bisibisi, akaondoka. Akiwa mlangoni alirudi hatua mbili, akaugeuza mkono wa Kapteni kidogo ili ukae ubavuni vizuri, akaomba radhi, akatoka tena.

*

Wimbo ulipokwisha Kapteni Mbelwa alipiga ukelele uliosikika hadi sokoni. "Wakamatwe! Wote wawili! Sasa hivi!"

Askari wa mlangoni alipiga saluti. "Ndiyo, afande. Naomba kibali cha kukamata."

"Bi Anzeni! Andika!"

Bi Anzeni akaandika, majina mawili, makosa matano. Akabonyeza chapa. Wimbo ukaanza, Bwana Mnyawami akachomoka, kiti kikakimbia, pwaa, pu!

Wote walikuwa wameona kwenye kioo jinsi ugonjwa unavyotibiwa. Wakakitazama kiti. Kisha kila mmoja akamtazama mwenzake kuona nani atakuwa wa kwanza kukaa, na hakuna aliyekuwa tayari, kwa kuwa wote walikuwa wazalendo na Kapteni alikuwa ameshafungua daftari. Basi wakaimba beti kumi na moja, na Mwamko wa elfu mbili ukaandikwa kwenye kumbukumbu za taifa.

Jumamosi Zefania na Eufrasia walifunga ndoa. Kasisi alikikagua kile kibali huku na huko, akasema hajawahi kuona kibali halali kama hicho, kimechapwa kwa wimbo mzima. Begi la safari lilifunguliwa zipu, likawekwa vitambaa.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Zefania anatengeneza redio na pasi upande mmoja wa duka, Eufrasia anashona upande mwingine. Mara sita au saba kwa siku wimbo wa taifa huvuka barabara kutoka Idarani, huanza, hukatika, huanza tena. Watu wote mtaani husimama wima kuelekea Ikulu, kwa hiyo hakuna anayeona kinachofanyika dukani.

Jana ulikatika mapema kuliko kawaida. Zefania, ambaye tabia haimtoki kirahisi, alikuwa ameshaanza kuinuka na pasi mkononi.

"Wamefika kwenye kibali cha kutukamata, na Mkurugenzi akiona jina langu huchomoka haraka zaidi," alisema Eufrasia, akiendelea kukanyaga cherehani. "Kaa unywe chai."

Zefania akakaa.